Gari Likikwama, Kaa Nalo

Gari likikwama au likizima kwenye barabara ya vumbi katikati ya Australia, kaa nalo. Usiondoke kwenda kutafuta msaada. Usimtume kijana mwenye miguu myepesi atangulie. Usipande kilima kutazama kama kuna nyumba ng'ambo. Msomaji mwenye haraka anaweza kuishia hapa, maana yaliyobaki ni sababu za amri hiyo na namna ya kusafiri usije ukaihitaji.

Tunayasema haya kabla joto halijapanda. Kiangazi cha Australia ni Desemba, Januari na Februari, lakini kule ndani, kwenye nyika ambayo wenyewe huiita Outback, joto la kuua huanza Novemba na huendelea hadi Machi. Miezi hiyo ndiyo vyuo vimefungwa na wanafunzi kutoka Kenya na Tanzania wana mapumziko marefu. Ndiyo miezi ya likizo kwa familia za Kikongo na Kirundi zilizopelekwa huko kutoka kambi za wakimbizi. Kijana amefanya vibarua vya mashambani, amenunua gari la mkononi, ana marafiki watatu na wiki mbili za kupoteza. Anaangalia ramani, anauona mstari unaopanda kutoka Adelaide hadi Darwin, na anasema twende tukaione nchi. Njia kuu yenyewe, Stuart Highway, ni lami tupu kwa zaidi ya kilomita 2,700, na mwenye subira huimaliza salama. Balaa huanza pale anapoona kibao cha njia ya mkato.

Watu wetu wana hatari ya ziada ambayo Mjerumani au Mjapani hana: wanazijua barabara mbaya. Aliyeendesha kutoka Marsabit hadi Loiyangalani, au aliyepita Rukwa wakati wa masika, au aliyezaliwa Kivu, huwezi kumtisha kwa vumbi na mashimo. Ujuzi wa usukani anao. Ila ujuzi huo umejengwa juu ya kitu ambacho hatukihesabu kwa sababu hakijawahi kukosekana, nacho ni watu. Gari likizima popote Afrika Mashariki, hata mahali unapoapa kwamba hapakai kiumbe, hazipiti dakika nyingi kabla mtoto mwenye fimbo na mbuzi wake hajatokea kichakani. Nyuma yake wanakuja wakubwa. Mnaelewana bei ya kusukuma. Utingo anakata matawi na kuyapanga barabarani, na kila dereva anayekuja anajua kuna gari bovu mbele. Mwingine anadandia bodaboda kwenda kumleta fundi. Kwa hiyo kutoka garini na kuanza kutembea kuelekea watu walipo ni jambo la akili kwetu. Tumefundishwa na maisha yenyewe, na mara zote limetufaa.

Lihamishie jambo hilo kwenye nyika ya Australia, litakuua.

Chukua mfano wa Anna Creek, ranchi ya ng'ombe katika jimbo la Australia Kusini. Ukubwa wake unapita kilomita za mraba 23,000, pungufu kidogo tu ya nchi nzima ya Rwanda. Rwanda ina watu zaidi ya milioni 13. Ranchi hiyo inaendeshwa na wafanyakazi wachache ambao wangetosha kwenye basi moja. Ukiona uzio wa waya, usidhani nyumba iko karibu. Uzio unaweza kuendelea siku nzima ya mwendo bila geti. Ukiona kinu cha upepo cha kuvutia maji, huenda kisima chake kilikauka zamani. Birdsville, mji ambao jina lake limeenea Australia yote, una wakazi mia moja hivi. Matawi uliyoyapanga barabarani hayatamwambia mtu lolote, na huenda asipite wa kuambiwa mpaka kesho kutwa.

Wako waliokwisha kulipa bei ya kutembea. Desemba 1963 familia ya Page, watu watano, wahamiaji kutoka Uingereza, waliishiwa petroli kwenye Birdsville Track, njia ya zaidi ya kilomita 500 kati ya Marree na Birdsville. Waliliacha gari. Wote watano walikufa kwa kiu. Desemba 1986 wachunga ng'ombe wawili, mmoja wa miaka 16 na mwenzake 17, walikwama na gari katika jangwa la Great Sandy, wakaondoka kwa miguu, na mabaki yao yalipatikana Aprili mwaka uliofuata.

Desemba 1998, mwezi ule ule tena, mwanamume na mchumba wake kutoka Austria walizama mchangani karibu na ziwa kavu la Kati Thanda, ambalo kwenye ramani nyingi bado limeandikwa Lake Eyre. Walingoja, hakutokea mtu, wakaamua kutembea kuelekea William Creek. Mwanamume alishindwa njiani, akarudi kwenye gari. Mwanamke aliendelea. Aliyerudi aliokolewa, aliyeendelea alikutwa amekufa, kilomita 30 hivi kutoka pale walipoanzia. Kuna kitu katika kisa hiki kinachouma kuliko vyote: gari lile halikuwa bovu. Baadaye lilitolewa mchangani kwa kupunguza upepo wa matairi. Jambo hilo dereva yeyote wa watalii wa Ngorongoro au Samburu analijua, na huyo mgeni hakuna aliyemfundisha siku alipokabidhiwa funguo.

Kisa cha Novemba 2019 kinafundisha zaidi, kwa sababu waliohusika walikuwa wakazi wa Alice Springs na si wageni. Watu watatu na mbwa wao walitoka kutembea kwa gari mchana mmoja tu, kusini mwa mji. Wakakwama kwenye mchanga wa mto Hugh, mto ambao mara nyingi ni mkavu. Siku za mwanzo walikaa na gari, wakijificha jua chini yake. Kisha wawili wakaamua kwenda kutafuta barabara kuu, wakiwa na dira na kifaa cha kuonyesha mahali walipo. Huyo wa tatu alibaki na mbwa, jirani na bwawa la maji waliloligundua si mbali na gari. Mfugaji aliona alama za matairi akatoa taarifa, na aliyebaki akapatikana hai baada ya siku 12. Kati ya wale wawili waliotembea, mmoja alikutwa hai kando ya uzio, na wa pili alikutwa amekufa. Hawakuwa wajinga. Walikuwa na dira. Dira huonyesha upande, lakini haina maji.

Mwaka 2025 jimbo la Australia Magharibi lilimtafuta msafiri wa Kijerumani wa miaka 26 aliyeliacha gari lake baada ya kukwama porini. Alilala nje usiku 11, na akaokolewa na mwanamke aliyekuwa akipita na gari. Sikia mpangilio wa matukio: gari lilionekana kutoka angani siku moja kabla yeye mwenyewe hajapatikana. Tena hiyo ilikuwa Julai, msimu wa baridi, na alipata maji ya mvua kwenye vidimbwi. Desemba isingemvumilia.

Rubani anayetafuta kutoka juu huona paa la gari, kioo kinachomeremeta, rangi isiyo ya udongo. Mtu aliyejilaza chini ya kichaka haonekani hata ndege ikipita juu yake mara tatu. Polisi huanza kwa kulitafuta gari. Ukiwa kando yake, wakilipata wamekupata na wewe.

Halafu kuna hesabu ya mwili. Oodnadatta, kijiji kilicho kando ya moja ya njia hizi, kiliwahi kufika nyuzijoto 50.7 tarehe 2 Januari 1960, na kipimo hicho ni cha kivulini. Penye nyuzi 40 na kitu, mtu anayetembea juani hupoteza jasho la lita moja kwa saa, wengine zaidi. Ukibeba lita tano umebeba kilo tano, na zitakwisha kabla hujafika kilomita 20. Kutoka Marree, pa kupata petroli na maji kwenye Birdsville Track ni hoteli ya Mungerannie, kilomita 200 na ushei. Piga hesabu mwenyewe. Na kiu haisubiri mwili uishe ndipo ishike akili. Huanza na akili. Mtu mwenye busara zake huacha njia, huvua nguo, hutupa chupa, hubishana na mwenzake kuhusu kaskazini iko wapi.

Kwa hiyo umekwama. Fanya nini?

La kwanza, toa mguu kwenye mafuta. Kila unapolizungusha gurudumu mchangani unachimba kaburi la ekseli. Zima injini, kunyweni maji, kisha lizungukeni gari mkilitazama. Ondoeni mchanga mbele na nyuma ya matairi yote, na ule ulioshika tumbo la gari. Punguzeni upepo wa matairi manne sawasawa, mpaka pauni 18 hivi, hata 16 mchanga ukiwa mlaini sana. Tairi likilegea hutanuka na kukanyaga eneo kubwa zaidi, badala ya kukata mchanga. Tengenezeni njia kwa mbao, mazulia ya gari au vipande vya turubai, halafu rudini kinyumenyume kwenye alama mlizokuja nazo, taratibu, bila kukata kona. Mara nyingi linatoka. Mkifika penye ardhi ngumu jazeni upepo upya kabla ya kukimbia. Tairi legevu kwenye mwendo mkali hupasuka.

Likikataa baada ya majaribio mawili matatu na jua liko juu, acheni. Koleo lisubiri jioni. Anayechimba saa saba mchana anamwaga maji ambayo hataweza kuyarudisha. Akitokea mwenye gari la kuwavuta, kamba ifungwe kwenye ndoano ya kuvutia iliyoshikana na chesisi. Wengi hufunga kwenye kile kichwa cha chuma cha kuvutia trela. Kikikatika huruka kwa nguvu ya risasi, na Australia kimeshaua.

Sasa kazi ni kungoja, nayo ina ufundi wake. Msikae ndani ya gari lililofungwa. Tandazeni turubai ubavuni, chimbeni mchanga wa juu wenye moto mpaka mfike ule wa baridi kidogo, mlale kivulini. Fungueni boneti iwe juu, maana dereva na rubani wote wanaijua ishara hiyo. Tandazeni kitu cha rangi kali juu ya paa. Kanga nyekundu au leso ya njano hufanya kazi nzuri. Kuweni na kioo tayari cha kumulikia ndege. Usiku moto mdogo huonekana mbali, mchana moshi mweusi wa tairi la spea huonekana mbali zaidi, ila litoeni upepo wote kwanza na muuwashe mbali na gari na majani. Maji kunyweni mnaposikia kiu. Yule anayejinyima kwa kumeza funda moja moja hukutwa amekufa na maji kwenye dumu. Mnachopaswa kukibana ni jasho, yaani msitembee, msichimbe, msigombane. Maji ya rejeta hayanyweki hata yakichujwa, kwa kuwa huchanganywa na dawa ambayo ni sumu.

Tahadhari hii ingekuwa pungufu ikiishia kwenye kiu, kwani wengi hawafiki hata huko kukwama. Barabara za vumbi huua kwa kupindua magari. Njia hizi huota vituta vya mfululizo vilivyolingana kama bati, na gari likipita juu yake hutetemeka hadi skrubu zinalegea. Dereva hugundua kwamba akifika kilomita 80 kwa saa mtetemo unapungua, akafurahi. Hajui kwamba unapungua kwa sababu matairi yanaruka kutoka kilele hadi kilele, na nusu ya muda hayashiki ardhi. Inakuja kona, au changarawe iliyokusanyika katikati, mkia wa gari unachomoka, anakata usukani upande wa pili kwa hofu, na gari lililobebeshwa mizigo kwenye keria linabiringika. Hakuna aliyemgonga. Mwendo wa kilomita 60 unachosha na unakera, lakini unafika. Mkanda uvaliwe na kila mtu, pamoja na wale wa nyuma ambao kwetu huona mkanda ni wa dereva.

Wenye asili ya Kongo, Burundi na Rwanda wawe waangalifu mara mbili. Huko kwao gari hupita kulia. Australia hupita kushoto. Mjini alama na magari mengine hukukumbusha. Kwenye barabara ya vumbi isiyo na mstari, umeendesha saa nne bila kuona mtu, likitokea lori ghafla mkono wako utachagua upande ule wa utotoni.

Na malori yenyewe si yale tuliyoyazoea. Yako yanayovuta trela tatu au nne, urefu hadi mita 53.5. Hayawezi kukukwepa na hayasimami haraka. Ukiona wingu la vumbi linakuja, punguza mwendo, egesha pembeni kabisa, simama, funga vioo, na usiondoke mpaka vumbi litulie, maana huenda nyuma yake kuna lingine. Ukiwa nyuma ya lori, usilipite ndani ya vumbi. Ukiwa na redio ya mawasiliano ya UHF garini, madereva hao husikiliza chaneli 40, waombe na watakwambia lini njia ni nyeupe.

Jua likianza kuzama, egesha ulale. Kangaruu hutoka magharibi na alfajiri. Ng'ombe wa ranchi mara nyingi hawana uzio kando ya barabara. Kuna pia ngamia wa porini, ambao ni vizazi vya wale walioletwa karne ya 19 pamoja na waendesha misafara Waislamu kutoka Afghanistan na nchi jirani. Marree walikuwa na mtaa wao na msikiti wao, na misafara yao ilikwenda kisima kwa kisima. Ngamia akigongwa usiku huingia na kioo cha mbele. Mnyama akikukatia njia, shika breki ukiwa umenyoosha usukani. Kumkwepa ndiko kunakopindua gari.

Ramani ya simu isikupe kiburi. Desemba 2012 polisi wa jimbo la Victoria walilazimika kuwaonya watu wasitumie ramani ya simu za Apple kwenda Mildura, kwa kuwa iliwapeleka katikati ya hifadhi ya Murray-Sunset, kilomita 70 hivi kutoka mji wenyewe. Baadhi walikwama huko saa 24 bila chakula wala maji. Ramani ile ilirekebishwa. Kasoro ya aina hiyo haijaisha, kwani simu haijui kama jana ilinyesha, na njia fupi kwake ni njia nzuri. Tena mtandao huishia kilomita chache nje ya mji na haurudi mpaka mji mwingine, kwa hiyo ramani usiyoipakua kabla hutaipata pale unapoihitaji. Kila jimbo hutangaza hali ya barabara zake kila siku. Soma tangazo hilo asubuhi ya safari, halafu uliza tena kwenye kituo cha mafuta cha mwisho. Mwenye duka la Marree anajua kuliko setilaiti.

Pia usidharau mvua jangwani. Milimita chache kwenye udongo wa mfinyanzi hugeuza barabara kuwa utelezi ambao gari la kuvuta magurudumu yote manne halifui dafu. Januari 2022 mafuriko yalikata reli na Stuart Highway yenyewe huko Australia Kusini. Kibao kikisema imefungwa, imefungwa. Kukizunguka ni kosa lenye faini nzito. Jangwa la Simpson, ambalo hifadhi yake leo inaitwa Munga-Thirri, hufungwa kabisa kila mwaka kuanzia tarehe 1 Desemba hadi 15 Machi kwa sababu ya joto. Kama serikali inafunga jangwa zima kwa miezi mitatu na nusu, sioni kwa nini mwenye Corolla aone njia za jirani yake zinafaa kwa Krismasi. Ushauri wangu kwa miezi hiyo ni mmoja: baki kwenye lami. Subiri Juni.

Anayekwenda, msimu wowote, abebe lita 10 za maji kwa kila mtu kwa kila siku ya safari, na akiba ya siku tatu juu yake. Ziwe kwenye madumu kadhaa, maana moja likipasuka kwa mtetemo umebaki na mengine. Matairi ya spea mawili, kamili, si lile jembamba la dharura. Jeki na kipande cha ubao mpana cha kuiwekea, vinginevyo itazama mchangani. Koleo. Pampu ya upepo na geji. Mafuta ya ziada, kwa kuwa mchangani gari hunywa zaidi sana kuliko kwenye lami. Usiegeshe juu ya majani makavu; bomba la moshi la moto huwasha majani ya nyika ile upesi, na nyasi zake nyingi zina utomvu unaowaka. Njia nyingine, kama Great Central Road, hukatiza ardhi ya wenyeji wa asili, na unahitaji kibali kabla ya kuingia. Kiombe mapema, na kwenye kibali hicho jina lako linabaki mahali, jambo ambalo lina faida yake.

Kuliko vyote, beba kitu cha kuitia msaada kisichotegemea minara ya simu. Kuna kifaa kidogo cha dharura kinachorusha ishara kwa setilaiti kupitia masafa ya megahezi 406. Ukikinunua unakisajili bure kwa mamlaka ya usalama wa majini ya Australia, na hakina ada ya kila mwezi. Ukivuta antena na kubonyeza, wanajua ni nani na yuko wapi. Baadhi ya simu mpya nazo hutuma ujumbe wa dharura kwa setilaiti ukisimama penye anga wazi. Jifunze namna yake ukiwa bado nyumbani. Madaktari wa ndege wa Royal Flying Doctor Service wamekuwa wakiruka nyika hiyo tangu 1928, ila nao sharti waambiwe watue wapi.

Hapa pana jambo la aibu ambalo lazima lisemwe. Mikataba mingi ya magari ya kukodi inakataza barabara zisizo na lami, na ukivunja sharti hilo bima haikulipi. Sasa fikiria waliokwisha kuvunja mkataba, wamekwama, wanajua bili inakuja. Mwingine anaogopa polisi kwa sababu ya makaratasi ya viza. Wanaamua kujaribu wenyewe kidogo, saa moja, saa mbili, na kifaa cha dharura kiko mfukoni. Msifanye hivyo. Bonyezeni kifaa hicho mapema, au kama mtandao upo, piga 000 ukiwa bado na nguvu za kuongea; simu ya mkononi hukubali pia 112. Atakayejibu atauliza unataka polisi, zimamoto au ambulensi. Kiingereza kikikupotea kwa hofu, baki kwenye laini na useme "Swahili", mkalimani hutafutwa.

Na kabla ya kuondoka, mpe mtu mmoja jukumu la kukungoja. Kundi la WhatsApp halitoshi, kwa sababu kila mmoja atadhani mwingine anafuatilia. Awe mtu aliyeko Australia, kwani namba 000 haipigiki kutoka Dar es Salaam wala Nairobi, na mama atakayekesha na simu Bujumbura hana pa kuanzia. Mwandikie njia utakayopita, mahali pa kulala kila usiku, na saa ya mwisho ya kusikia kutoka kwako. Andika 20:00 kwa tarakimu, isije mmoja akahesabu saa za Kiswahili na mwenzake saa za Kizungu. Ukibadili njia, mwambie kabla mtandao haujakatika; ukishindwa kumwambia, usiibadili.

Wewe uliyepewa jukumu hilo: saa ikipita, mpigie mara moja. Asipopatikana, pigia hoteli au kituo cha mafuta alichopaswa kufika. Wakisema hawajamwona, piga 000 usiku huo huo. Usisubiri asubuhi kwa kuona haya kumsumbua askari. Wape namba ya gari, aina na rangi yake, idadi ya watu na watoto, maji waliyobeba, mahali walipojaza mafuta mara ya mwisho, na njia waliyokusudia. Waambie pia kwamba mlikubaliana hawataliacha gari, ili ndege ya kwanza ifuate barabara.